Fedha Taslimu kwa Kaya Maskini: Yaliyotokea Siaya

Ruzuku ya fedha taslimu ni msaada ambao kaya maskini hupewa pesa zenyewe badala ya gunia la unga, mbuzi wa kufuga au semina ya ujasiriamali, na mpokeaji ndiye anayeamua zitumike wapi. Wazo hili lilichelewa kukubalika kwa sababu wengi waliamini kwamba maskini akipewa pesa atazinywa. Mojawapo ya sehemu za Afrika ambako imani hiyo imepimwa kwa kina zaidi ni kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Huko shirika la GiveDirectly limekuwa likituma fedha kwa wanavijiji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na watafiti wamekuwa wakirudi mara kwa mara kuona kilichobadilika.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Kabla yake, kufikisha pesa kijijini kulihitaji gari, mlinzi na orodha inayopita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na nafasi ya kupunguza kidogo. Kwa simu, fedha zinaingia kwenye laini ya mpokeaji, naye anakwenda kwa wakala kutoa anachohitaji. Wafanyakazi hupita kwanza nyumba kwa nyumba kuandikisha, kisha wengine hurudi kuhakiki. Katika miaka ya mwanzo kigezo cha kuchagua kaya kilikuwa rahisi kuonekana kwa macho: nyumba iliyoezekwa kwa nyasi.

Katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2014, kila kaya iliyochaguliwa ilipata takriban shilingi 87,000 za Kenya, karibu dola 1,000 za wakati huo. Zilikuja kwa mafungu matatu: 7,000 za kuthibitisha kwamba laini inafanya kazi, kisha 40,000, na baada ya miezi kadhaa 40,000 nyingine. Kiasi hicho kilikaribia robo tatu ya matumizi ya mwaka mzima ya kaya iliyopokea. Mkulima mdogo anayeishi kwa mahindi, mtama na vibarua huenda asishike fedha nyingi kiasi hicho kwa pamoja maisha yake yote.

Kitu kilichoonekana upesi vijijini kilikuwa mabati. Aliye mbali anaweza kudhani bati ni pambo. Hesabu ya mwenye nyumba ni nyingine. Nyasi za kuezekea huchoka haraka, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili lazima zikatwe au zinunuliwe nyingine, na fundi alipwe tena. Masika yakikuta paa bovu, watoto wanahamishiwa pembe iliyo kavu na mahindi yaliyolowa yanaota ukungu. Mabati yakipigiliwa vizuri, hata yale mepesi ya geji 30, hudumu miaka mingi, na mfereji ukifungwa ukingoni maji ya mvua yanaingia kwenye pipa, mama akapunguziwa safari za mtoni. Kwa hiyo paa jipya ni akiba: pesa zilizokuwa zikimezwa na nyasi kila msimu zinabaki nyumbani. Ni uwekezaji ambao familia ilijua siku zote kwamba una faida, ila haikuwa na mtaji wa kuuanza.

Fedha nyingine zilikwenda kwenye chakula, ng'ombe, mbuzi, kuku, ada na madeni. Utafiti wa awali uliofanyika eneo la Rarieda, humohumo Siaya, ambao Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliuchapisha mwaka 2016, ulikuta matumizi ya kaya zilizopokea yamepanda kwa zaidi ya moja ya tano. (Shapiro ni mmoja wa waanzilishi wa GiveDirectly, jambo ambalo msomaji anastahili kulijua.) Pombe na tumbaku hazikuongezeka. David Evans na Anna Popova, waliokusanya tafiti za namna hii kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, walifikia jibu hilohilo. Huko Rarieda msongo wa mawazo ulipungua, na hata ukatili dhidi ya wanawake majumbani ukashuka.

Badiliko zito kuliko yote lilijulikana baadaye. Mwaka 2025 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa vizazi na vifo vya watoto katika vijiji vya Siaya. Katika kaya zilizopata ruzuku, vifo vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa asilimia 48, na vya walio chini ya miaka mitano kwa asilimia 45. Sababu ni za kawaida kabisa. Mwenye pesa ya nauli na ya matibabu hujifungulia hospitalini. Mwenye chakula ndani halazimiki kulima kwa jirani akiwa na mimba ya miezi minane, wala kurudi shambani na kitoto kichanga mgongoni. Faida ilikuwa kubwa zaidi pale fedha zilipofika karibu na wakati wa kujifungua, na pale kituo cha afya chenye daktari kilipokuwa jirani. Palipokosekana daktari, pesa hazikuweza kumnunua.

Swali la wachumi lilikuwa juu ya wale wasiopata. Fedha nyingi zikimwagwa mahali padogo, je, bei hazitapanda na kumuumiza jirani? Dennis Egger, Johannes Haushofer, Edward Miguel, Paul Niehaus na Michael Walker walilifuatilia katika vijiji 653 vya utafiti ule ulioanza mwaka 2014. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu. Kaya ambazo hazikupewa chochote ziliongeza matumizi yake karibu sawa na zilizopewa, na kila dola moja iliyotolewa ilizalisha takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo. Njia yake inafuatika. Aliyepokea anamwita fundi. Fundi ananunua omena na sukari. Mwenye duka anashonesha sare za wanawe. Katika senta nyingi za vijijini mashine ya kusaga inalala nusu ya siku kwa kukosa wateja, na fundi cherehani hukaa barazani akisubiri kazi. Wateja wakija, wanahudumiwa bila gharama mpya kubwa, ndiyo maana bei zilitulia.

Namna ya kulipa nayo ina matokeo yake. Fungu kubwa la mara moja huelekea kwenye paa, mifugo au biashara, na la kila mwezi hulinda chungu cha nyumbani. Hata hivyo watu hawakubali kufungwa na ratiba ya mtoaji. Katika mpango mwingine wa GiveDirectly ulioanza Siaya na Bomet, ambao baadhi ya wapokeaji wameahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, wengi walipeleka malipo yao kwenye chama, wakachanga na kupokezana mpaka kila mmoja akashika fungu kubwa kwa zamu yake.

Matatizo hayakukosekana. Katika kaunti jirani ya Homa Bay, takriban mwaka 2015, karibu nusu ya kaya zilizofikiwa zilikataa fedha kwa uvumi kwamba zilitoka kwa waabudu shetani. Woga huo haukuwa ujinga: watu waliozoea ahadi hewa za wafadhili na wanasiasa wana haki ya kushuku pesa za bure. Kuchagua kaya chache kijijini huzaa kijicho, na utafiti mmoja ulikuta furaha ya majirani walioachwa ikishuka kwa muda. Wizi pia upo. Huko Kivu Kusini, nchini Kongo, GiveDirectly lilikiri kwamba baadhi ya wafanyakazi wake walishirikiana kuiba takriban dola 900,000.

Serikali za eneo hili hutoa ruzuku kwa watu wengi zaidi, ila kwa viwango vidogo. Inua Jamii ya Kenya hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, wenye ulemavu mkubwa na kaya zinazolea yatima. Nchini Tanzania, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umekuwa ukilipa kila baada ya miezi miwili. Walengwa hutambuliwa katika mkutano wa kijiji, na sehemu ya ruzuku hutegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Kwa viwango hivyo, fedha huishia zaidi kwenye chakula na madaftari, na kaya inayotaka bati au mbuzi hulazimika kuweka akiba katika kikundi cha kuweka na kukopa. Malipo yakichelewa, kama yanavyochelewa mara nyingi, mlengwa hurudi kukopa dukani, na ruzuku inapofika sehemu yake tayari ni ya mwenye duka.