Leza Yapima Mwendo wa Maji

Maji safi hayaonyeshi kasi yake, na chombo kikitumbukizwa humo huuvuruga mkondo. Mwaka 1904 Ludwig Prandtl, mtaalamu wa Ujerumani, alitia majini chembe za madini zinazong'aa ili auone mwendo wake. Siku hizi chembe ndogo mno humulikwa mara mbili kwa mwanga wa leza, mwembamba kama karatasi, na kamera hupiga picha mbili. Chembe ikisogea milimita 1 katika sekunde 0.001, kasi ni mita 1 kwa sekunde.

Hivyo ndivyo zipimwavyo vali bandia za moyo ndani ya mfano unaopitisha mwanga. Damu ikituama huganda. Ikibanwa mno, chembechembe zake hupasuka. Ni heri kasoro igunduliwe maabarani kuliko kifuani mwa mgonjwa.