Hamali Asigeuzwe Moshi

Ipo picha moja ambayo kila apendaye kazi ya kamera yafaa aijue. Ilipigwa Paris mwaka 1838 na Mfaransa Louis Daguerre, kutoka dirishani. Njia ile, Boulevard du Temple, ilikuwa njia ya watu na magari ya farasi. Lakini pichani ni tupu kama mji uliohamwa. Kamera ya siku zile ilihitaji dakika kadhaa kuipokea nuru, na kila aliyetembea alifutika. Amebaki bwana mmoja aliyesimama akisuguliwa viatu. Aliyekuwa akivisugua, kwa kuwa mwili wake haukutulia, amekuwa kama kivuli. Tafakari, ndugu mfanyakazi, ni nani aliyekumbukwa hapo.

Kamera za leo hudaka sura kwa 1/1000 ya sekunde, nao wapiga picha huuleta ukungu ule kwa makusudi. Kilango cha nuru kikiachwa wazi nusu sekunde, mtu aendaye kwa miguu huwa mfano wa moshi. Bandarini Mkoani abiria wa Unguja wanaposhuka, au sokoni Chake Chake asubuhi, mbinu hiyo huonyesha haraka na msukumano ambavyo picha kavu haivionyeshi. Tena ina sitara ndani yake, maana Pemba wako wengi wasiopenda sura zao zichukuliwe.

Lakini kamera ikikazwa juu ya miguu mitatu na kuelekezwa ghalani, ghala hunyooka barabara, na hamali mwenye gunia la karafuu begani huwa doa tu. Daguerre hakuwa na hiari, sisi tunayo.

Mpiga picha na aigeuze kamera taratibu, akimfuata hamali kwa mwendo wake uleule, na kubonyeza katikati ya mgeuko kwa 1/30 ya sekunde au karibu yake. Hapo mtu na gunia lake husomeka, na ukuta pamoja na watazamaji ndio wanaokimbia. Si kazi nyepesi. Picha nyingi zitaharibika kabla ya kupatikana moja.

Kwa akina mama wachambuao karafuu barazani, wakizitenga na makonyo yake, hata kugeuza kamera hakuhitajiwi. Mwili umetulia, vidole ndivyo viendavyo. Kwa 1/8 ya sekunde uso hubaki wazi, na vidole huonyesha wepesi waliojaliwa na miaka ya kazi. Waombwe ruhusa kwanza, na picha ikitoka wapelekewe.