Mwenzio si wa kuchunguzwa

Kijana mwenzangu, unamjua Barbra Banda? Kama unaishi Ivuna, Kamsamba au Tunduma mjini huna sababu ya kusema humjui, maana Zambia ni hapo ng'ambo ya mpaka tu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 dada huyu aliwafunga Uholanzi mabao matatu, na mechi iliyofuata akawafunga China mengine matatu. (Uholanzi walishinda 10 kwa 3, lakini hilo si kosa lake!)

Mwaka 2022, kwenye Kombe la Afrika la wanawake kule Morocco, Banda hakucheza. Ilielezwa kwamba hakutimiza masharti ya vipimo vya jinsia, yaani mambo ya homoni. Mwaka uliofuata akaruhusiwa kucheza Kombe la Dunia, na tarehe 31 Julai 2023 akafunga bao la 1,000 tangu Kombe la Dunia la wanawake lianze. Mwaka 2024 BBC wakampa tuzo ya mwanasoka bora wa kike. Unadhani maneno yaliisha? Hayakuisha. Machi 2025, kwenye mechi huko Marekani, shabiki mmoja alimtukana kutoka jukwaani mpaka klabu na ligi zikabidi kukemea.

Sasa jiulize: yule anayepiga kelele jukwaani anajuaje mwili wa Barbra Banda? Hajui. Mimi pia sijui, na si kazi yangu kujua.

Nimeanza na mpira kwa sababu ndiko maneno haya yanakosikika sana hata kwetu vijijini. Msichana ana kifua kipana, sauti nzito, anapiga shuti kali, basi ameshapewa jina: "jike dume". Mvulana ana sauti nyembamba, anapenda kukaa na dada zake, naye ana jina lake, tena baya zaidi. Mwanzoni ni utani. Baadaye yule mtu haji mazoezini, haji kwaya, haji kwenye klabu ya shule. Siku akiumwa haendi zahanati pia, maana anajua akivua nguo huko habari zitafika kilabuni kabla yake.

Miili haikutengenezwa kwa kalibu moja

Hebu tuongee mambo ya mwili bila kuona haya. Wavulana wengi, karibu nusu yao, wakibalehe huvimba matiti kidogo na kuuma. Ni homoni zinatafuta mizani yake. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Kama wewe ni mmoja wao na umekuwa ukioga usiku ili watu wasikuone, pumzika, huna ugonjwa.

Kati ya wavulana 200 hadi 300, mmoja huzaliwa tundu la mkojo likiwa upande wa chini ya uume badala ya kwenye ncha. Daktari mpasuaji anaweza kurekebisha, ila mtoto huyo ASITAHIRIWE kwanza, kwa sababu mara nyingi ile ngozi ya mbele ndiyo inayotumika kurekebishia. Waambie wazazi wenye mtoto mchanga. Wengi hawajui, wanakimbilia tohara wakidhani itasaidia.

Msichana naye, akifika miaka 15 hajavunja ungo, aende kituo cha afya. Mara nyingi ni kuchelewa tu. Lakini wapo wasichana waliozaliwa bila mfuko wa uzazi, au wenye tezi ndani ya tumbo ambazo kwa kawaida huwa za wavulana. Kwa nje ni msichana kama wasichana wengine, na amelelewa hivyo tangu siku ya kwanza. Hajamdanganya mtu yeyote.

Na wapo wanaozaliwa sehemu zao za siri hazionyeshi wazi kama ni za kike au za kiume. Kiswahili kina neno lao la siku nyingi, huntha. (Usilichanganye na hanithi, ambalo ni jambo jingine kabisa.) Vitabu vya mirathi vya Kiislamu viliweka hesabu ya urithi wa huntha karne nyingi zilizopita, kwa hiyo anayesema watu hawa wameletwa na Wazungu juzi hajasoma. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya 2019 ikapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya 2022 ikamtaja mtoto wa aina hii kwamba anastahili heshima na matibabu.

Mtoto wa Ivuna afe kwa kukosa chumvi?

Hapa nataka usome polepole. Ivuna ni nchi ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta mabaki ya watu waliokuwa wakitengeneza chumvi kutoka kwenye chemchemi karne nyingi kabla ya babu zetu kukumbuka. Sasa sikia.

Juu ya figo zako zipo tezi mbili ndogo. Moja ya kazi zake ni kuuambia mwili ubakize chumvi. Kuna watoto wanaozaliwa tezi hizo zikiwa na kasoro. Kama mtoto ni wa kike, homoni za kiume humzidi akiwa bado tumboni, akazaliwa na sehemu za siri zinazofanana na za mvulana. Wakati huohuo chumvi inatoka mwilini mwake na mkojo. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu anaanza kutapika, hanyonyi, analegea, macho yanaingia ndani. Asipotibiwa haraka anakufa.

Mtoto wa kiume anaweza kuwa na ugonjwa huohuo, ila yeye kwa nje haonyeshi dalili yoyote, ndiyo maana huponyoka macho ya wakunga.

Dawa ipo. Ni vidonge vya kila siku, maisha yote, na mtoto anakua, anasoma, anacheza. Kinachomuua ni kufichwa. Familia inaona maumbile ya mtoto, inaona aibu, inamfungia ndani, jirani wanaambiwa mtoto ana homa. Mama anaogopa kumpeleka zahanati kwa sababu ameyasikia maneno yetu, yale ya uwanjani na ya kilabuni. Umeona utani wetu unakofika?

Na wale ambao mwili hauna tofauti?

Wapo pia. Mtu mwili wake ni wa kawaida kabisa, lakini tangu utotoni hajioni kuwa yule aliyeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Shirika la Afya Duniani liliamua mwaka 2019 kuitoa hali hii kwenye orodha ya magonjwa ya akili, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2022. Kinachowaumiza sana vijana hawa ni kupigwa, kufukuzwa nyumbani na kukosa mtu wa kuongea naye.

Najua msomaji mwingine hapa anataka kufunga gazeti. Usifunge, ndugu yangu. Hakuna anayekuomba ubadili dini yako. Unaombwa usipige mtu, usimzomee, na usimfanye aogope kwenda kutibiwa.

Wewe kiongozi wa kikundi, ufanyeje?

Tuseme wewe ni nahodha wa timu ya wasichana. Timu pinzani wanasema, "Yule namba tisa ni dume, avue tuone!" Jibu ni hapana. Hakuna nahodha, refa, mwalimu wala mwenyekiti wa kijiji mwenye ruhusa ya kumkagua mtu mwili. Kumvua msichana nguo kwa nguvu ni kosa la jinai, polisi hulifahamu kama shambulio la aibu. Mwenye malalamiko ayaandike, ayapeleke kwa viongozi wa mashindano, na mechi iendelee.

Ndani ya kikundi chako, weka kanuni ya majina mapema, siku ambayo hakuna aliyekosea. Kila mtu anaitwa jina analotaka aitwe, basi. Ukiweka kanuni baada ya ugomvi, wote watajua imewekwa kwa ajili ya nani, na yule uliyetaka kumlinda ndiye atakayetazamwa.

Aliyetania usimfukuze siku hiyohiyo. Mwite pembeni, mwambie nini kimeumiza. Wengi hawakufikiri, wanarudia walilosikia kwa kaka zao. Akirudia, asemwe mbele ya wenzake. Akiendelea hapo, akae nje, hata kama ndiye mfungaji wenu bora. Hili la mwisho ndipo viongozi wengi wanaposhindwa, na kikundi kizima kinaona kwamba kanuni ni ya wanyonge tu.

Kosa jingine wanalolifanya watu wenye moyo mzuri: kumsimamisha mwenzao mbele na kusema, "Jamani, tumpokee mwenzetu, ana hali tofauti." Utamuua kwa aibu! Kama amekuambia siri yake, siri imekufikia wewe, haikufika kwa kamati. Panga mambo yawe rahisi kwa wote bila kumtaja mtu. Kwa mfano, anayetaka kubadilisha jezi peke yake abadilishe, na asiulizwe kwa nini. Kwenye safari, anayetaka kupika apike, anayetaka kubeba kuni abebe.

Kwa aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua kwa jinsia, ulemavu, hali ya afya au kuzaliwa kwake. Mtoto anayeteswa nyumbani au shuleni, piga simu namba 116, ni bure.

Na kama una mdogo wako nyumbani ambaye maumbile yake hayaeleweki, mpeleke mama na mtoto kituo cha afya, muombe kuongea na muuguzi faraghani. Hapo wanaweza kukupa rufaa ya hospitali ya mkoa, Vwawa, au ya kanda, Mbeya. Usikubali mganga akate chochote. Na kama mtoto huyo hajafikisha mwezi, na ameanza kutapika au hanyonyi, msingoje asubuhi.