Istilahi za Ufundi: "Gari Haliwaki"

Katika mazungumzo ya kila siku, "gari haliwaki" husemwa kwa hitilafu mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza, stata haizungushi injini. Ya pili, injini yazunguka lakini petroli haishiki moto. Mfasiri wa kitabu cha ufundi akizieleza zote mbili kwa neno hilo moja, fundi wa Mgogoni, kisiwani Pemba, aliye na gari la zamani la petroli, aweza kufungua kabureta bure, kumbe betri imekwisha.

Tunapendekeza, basi, "kuzunguka" litumike kwa kazi ya stata, na "kuwaka" kwa petroli kushika moto. Injini isipozunguka, itazamwe betri, vichwa vyake vilivyoliwa na kutu, kisha stata. Ikizunguka bila kuwaka, zitazamwe cheche za plagi, kisha njia ya petroli.

Majina kabureta, stata, plagi na choki yamekwisha kuzoeleka katika gereji. Hatuoni haja ya kuyaundia mengine. Penye shaka ni katika maelezo. Kabureta huchanganya petroli na hewa, kwa uzani wa takriban 1 kwa 15. Choki hupunguza hewa wakati injini ingali baridi. Mfasiri asiandike "mchanganyiko tajiri", kwani fundi hatajua kilichozidi. Na aandike "mchanganyiko uliozidi petroli". Hapo fundi ataelewa kwa nini plagi zimelowa, naye ataifungua choki.

Istilahi njema humfikisha mtu kwenye kasoro yenyewe.