Ziwa Kivu: Boti ya faiba haiozi, lakini inakunywa maji

Kwenye Ziwa Kivu, boti za mwendo wa haraka, zile ambazo wakaaji wa Goma na Bukavu wanaziita canots rapides, zinapita kwa masaa machache safari ambayo meli kubwa inaweza kuifanya usiku mzima. Baadhi ya boti hizo zimetengenezwa kwa faiba, yaani fibre de verre. Sifa ya kwanza ambayo faiba inapewa ni kwamba haiozi kama mbao wala haishiki kutu kama chuma. Ni sifa ya kweli, lakini ndiyo inayowapoteza wenye boti wengi: chombo kisichooza kinaonekana kama hakihitaji matunzo.

Jambo hili si dogo kwa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Tangu mapigano yalipoifunga barabara ya Sake hadi Minova mwanzoni mwa mwaka 2024, raia wengi na bidhaa zao walihamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024, meli MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Ajali ile ilihusishwa na kupakia watu kupita kiasi, si na faiba. Lakini ilikumbusha kwamba kwenye maji hakuna pa kuegesha chombo kibovu.

Ngozi ya nusu milimita

Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizofumwa kama kitambaa, zikalowanishwa kwa gundi ya rezini, mara nyingi ya aina ya poliesta, kisha zikagandishwa. Juu yake kuna rangi laini inayong'aa ambayo mafundi wanaiita jelikoti. Unene wake ni kama nusu milimita tu, na pengine zaidi kidogo. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia maji na jua visifike kwenye nyuzi. Karibu matunzo yote ya boti ya faiba yana lengo moja: kuilinda ngozi hiyo.

Boti ya mbao inatangaza ugonjwa wake. Ubao unavimba, unabadilika rangi, msumari unalegea, na fundi anaona mahali pa kutia pamba na lami. Faiba inaficha. Inaweza kung'aa kwa nje huku ndani imelowa.

Kuosha bila kukwaruza

Maji ya Kivu yana madini mengi kuliko ya maziwa mengine mengi ya maji baridi, zaidi ya gramu moja ya chumvi kwa kila lita. Yakikauka kwenye boti yanaacha mstari mweupe pale maji yanapofikia. Ndiyo maana boti inayotoka kazini inafaa kumwagiwa maji safi siku ileile, kisha kuoshwa kwa sabuni laini na sponji au kitambaa, kuanzia juu kwenda chini. Mstari mweupe uliokwisha kuganda unatolewa kwa siki iliyochanganywa na maji. Inaachwa dakika chache, halafu inasuuzwa vizuri.

Majani na utelezi vinavyoshika chini ya boti vinatoka kwa urahisi vikiwa bado vibichi. Mara tu boti inapotolewa majini, zinakwanguliwa kwa kipande cha mbao au plastiki. Zikikauka zinakuwa ngumu, na watu wanaanza kutafuta kisu. Sufuria inaweza kuvumilia waya wa chuma, jelikoti haiwezi. Waya unaikwaruza, na vipande vidogo vinavyobaki humo vinaleta madoa ya kutu. Maji ya javel na sabuni kali za unga pia zinaimaliza polepole.

Goma ina adui wake wa pekee: majivu ya volkano. Majivu hayo yana chembe ndogo za kioo na mawe. Anayeyapangusa yakiwa makavu ni kama anayepiga msasa boti yake mwenyewe. Yanaondolewa kwanza kwa maji mengi, bila kusugua, ndipo sponji inapita. Mawe meusi ya lava kwenye ufuko nayo yanakata kama kisu. Kuvuta boti juu yake kunakula tumbo la boti katika muda mfupi. Matairi ya zamani au magogo laini chini yake yanapunguza hasara hiyo.

Maji yanayokusanyika ndani, sakafuni, mara nyingi yamechanganyika na esansi na mafuta ya motere. Hayo hayafai kumwagwa ziwani, kwa sababu familia nyingi za Goma zinachota maji yao kwenye ufuko huohuo. Mafuta yanakusanywa kwanza kwa kitambaa na kuwekwa kwenye bidoni. Na anayeosha afanye kazi hiyo nchi kavu kila inapowezekana, maana kusimama ndani ya maji kwa muda mrefu kando ya ziwa kunaweza kumletea mtu kichocho.

Jua la mita 1460

Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta. Miale mikali ya jua inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1000 za kupanda, kwa hiyo boti ya Kivu inaungua zaidi kuliko ya pwani. Dalili ya kwanza ni rangi kupoteza mng'ao. Kipimo chake ni rahisi: kitambaa cheusi kikipitishwa juu ya boti kavu na kurudi na unga mweupe kama chaki, jelikoti imeanza kufa kwa juu.

Kwa hali hiyo boti haihitaji kupakwa rangi mara moja. Inapigwa msasa laini wa maji, kisha dawa ya kung'arisha, halafu inapakwa nta. Ila ngozi ni nusu milimita, na kila msasa unaondoa sehemu yake. Hauwezi kurudiwa kila mwezi. Nta ndiyo inayorudiwa, walau mara mbili kwa mwaka. Haipakwi sakafuni wala kwenye ngazi, mahali abiria wanapokanyaga, kwa kuwa inateleza. Bashi ya kufunika boti inasaidia sana, mradi iachwe nafasi ya hewa kupita.

Malengelenge yanayonuka siki

Ugonjwa unaoogopwa zaidi unaitwa osmozi. Wengi wanadhani maji ya chumvi ya bahari ndiyo mabaya, kumbe maji baridi ya ziwa yanapenya jelikoti kwa urahisi zaidi, na yakiwa ya vuguvugu yanapenya haraka zaidi. Yakifika ndani yanayeyusha mabaki ya rezini, yanakuwa tindikali, na tindikali hiyo inavuta maji mengine. Shinikizo linapanda, na chini ya boti yanatokea malengelenge. Likitobolewa lengelenge, linatoa maji yanayonata na kunuka kama siki. Anayetoboa avae miwani, maana yanaweza kuruka machoni.

Kosa la kawaida ni kupaka rangi au mastiki juu yake siku hiyohiyo. Hapo maji yamefungiwa ndani. Njia iliyo sahihi ni kufungua kila lengelenge, kuosha kwa maji safi mara nyingi, na kuacha boti ikauke kivulini kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Kujua kama imekauka, kipande cha plastiki angavu kinabandikwa kingo zote juu ya faiba. Kama jua linaleta matone kwa ndani ya plastiki, bado. Ikikauka ndipo mastiki na tabaka za epoksi zinapopakwa, kwa sababu epoksi inazuia maji kuliko poliesta.

Kinga inagharimu kidogo kuliko tiba. Boti isiyo na safari itolewe majini. Kila wiki nchi kavu ni wiki ya faiba kukauka. Tena faiba iliyokunywa maji ni nzito: kila lita ni kilo moja, inayobebwa na motere na kulipiwa kwa esansi kila siku.

Nyundo na sikio

Sehemu inayobeba kazi kubwa ni ubao wa nyuma unaoshika motere. Kwenye boti nyingi kuna mbao iliyofunikwa na faiba kila upande. Maji yakipita kwenye tundu la bolti, mbao inaoza ndani bila kuonekana. Fundi anagonga polepole kwa mpini wa bisibisi au nyundo ya plastiki. Sauti kavu na kali ni ya afya. Sauti nzito na ya chini inaonyesha uozo au tabaka zilizoachana. Kila tundu linalotobolewa linapaswa kuzibwa kingo zake kwa epoksi au mastiki ya boti.

Nyufa nazo zina lugha yake. Nyembamba kama nywele na zenye umbo la nyota mara nyingi zinatoka kwenye kugonga kitu. Zinazokwenda sambamba, au kuzunguka bolti, zinasema sehemu hiyo inakunjika kila boti inapopiga wimbi. Kuziba kwa rangi hakusaidii kitu. Inabidi sehemu hiyo iongezewe nguvu.

Kwa tundu au ufa wa kweli, faiba ya zamani inachongwa kwa mteremko kuzunguka jeraha, upana wake mara 12 ya unene wa boti. Boti ya milimita 5 inahitaji mteremko wa sentimita 6 kila upande. Kiraka kilichobandikwa juu bila mteremko kinashika kwa macho tu, na siku ya mawimbi kinabanduka.

Kazi hiyo ina hatari zake. Vumbi la kioo linaingia mapafuni, basi barakoa na mikono mirefu ni lazima. Kwa kilo moja ya rezini ya poliesta, dawa ya kugandisha inayotumika ni gramu 10 hadi 20. Dawa hiyo inaweza kupofusha jicho, na ikichanganywa moja kwa moja na dawa ya kobalti inaweza kulipuka. Rezini na asetoni vinawaka haraka, kwa hiyo sigara na makaa vikae mbali.

Abiria aangalie nini

Boti iliyotunzwa vizuri bado inazama ikipakiwa kupita kiasi, na koti la kuokolea halina mbadala. Lakini abiria naye ana macho. Kabla ya kupanda anaweza kuangalia kama boti tupu imekaa chini sana upande wa nyuma, kama kuna nyufa kuzunguka bolti za motere, kama ubao wa motere unacheza inapowashwa, na kama maji yanaongezeka sakafuni boti ikiwa bado imefungwa bandarini. Akiona mawili kati ya hayo, kusubiri boti inayofuata si woga.