Bamvua, Mwezi na Urefu wa Siku: Ufafanuzi kwa Mfano wa Kisarawe na Kibaha

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini wilaya hiyo, sawa na Kisarawe, haipakani na bahari. Hata hivyo, historia ya ardhi ya wilaya hizi haiwezi kutenganishwa na bahari, wala bahari haiwezi kuelezwa bila Mwezi.

Wavuvi wa mwambao hutofautisha bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa wingi wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu ya wakati wa nusu mwezi. Dar es Salaam, tofauti ya kina wakati wa bamvua hupindukia mita 3. Mwinuko huo wa maji husababishwa na mvutano wa Mwezi. Kwa kuwa Dunia hujizungusha kwa kasi kuliko Mwezi unavyoizunguka, mwinuko husukumwa mbele kidogo ya Mwezi. Matokeo yake ni mawili: Dunia hupunguza kasi, na Mwezi husogea mbali. Vioo vilivyoachwa mwezini kuanzia mwaka 1969 vimewezesha kupima mwendo huo: takribani sentimita 3.8 kwa mwaka.

Hivyo basi, siku za kale zilikuwa fupi. Mwaka 1963, John Wells alihesabu mistari ya ukuaji katika matumbawe yenye umri wa takribani miaka milioni 400 na kukadiria kuwa mwaka ulikuwa na siku zipatazo 400, kila moja ikiwa na saa 22 hivi. Kombe la miaka milioni 70 kutoka Omani, ambalo uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 2020, lilionesha siku 372.

Milima ya Pugu, wilayani Kisarawe, yenye miamba ya mchanga na udongo mweupe wa kaolini, ni michanga zaidi. Miaka milioni 20 iliyopita, kwa kasi ya leo, Mwezi ulikuwa karibu zaidi kwa kilomita 760 hivi, na siku ilipungua kwa dakika chache tu.

Tatizo hujitokeza hesabu hiyo inaporudishwa nyuma zaidi. Nguvu ya bamvua huongezeka sana Mwezi ukiwa karibu. Kwa hiyo mwenendo wa leo ungeufikisha Mwezi kwenye Dunia yapata miaka bilioni 1.5 tu iliyopita. Mawe ya mwezini yanakanusha jambo hilo: Mwezi una umri wa takribani miaka bilioni 4.5, na inaaminika ulitokana na mgongano kati ya Dunia changa na gimba lenye ukubwa wa Mirihi.

Suluhisho limo katika umbo la bahari. Mabara yanapohama, mabonde ya bahari hubadilika, na msuguano wa maji huongezeka au kupungua. Bahari za leo zinaupunguza mwendo wa Dunia kuliko zilivyofanya nyingi za kale. Kwa sababu hiyo, kipimo cha sasa hakitoshi kueleza historia ya Mwezi. Sharti kilinganishwe na ushahidi uliohifadhiwa katika matumbawe, makombe na miamba.