Faizan: Alishika nafasi ya pili, akarudi kuwa bingwa

Faizan Zaki, mvulana wa miaka 13 kutoka Allen, Texas, alitwaa ubingwa wa taifa wa tahajia nchini Marekani Mei 29, 2025, mashindano hayo yalipotimiza miaka 100. Kwa mzazi, yaliyotangulia ushindi huo yana la kujifunza kuliko kombe lenyewe.

Mashindano hayo, Scripps National Spelling Bee, yalianza 1925. Mtoto husimama mbele ya kipaza sauti, hutajiwa neno, naye hulitaja herufi moja moja. Sisi tunaoandika lugha yetu kama inavyosikika tunaweza kuona ni mchezo. Kiingereza kimekopa kutoka Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na kwingineko, na kila neno limekuja na tabia za kwao. Ndiyo maana mshiriki huruhusiwa kuuliza maana ya neno na lugha lilikotoka.

Faizan alishiriki mara ya kwanza 2019 akiwa na miaka saba. Mwaka 2024 alifika hatua ya mwisho kabisa, na mshindi akatafutwa kwa kutaja maneno mengi iwezekanavyo ndani ya sekunde 90. Bruhat Soma alipatia 29, Faizan 20. Akawa wa pili, huku televisheni ikionyesha moja kwa moja.

Mtoto akishindwa hivyo, maneno ya kwanza anayoyasikia nyumbani yana uzito. Wapo wazazi wanaouliza, “Mbona mwenzako ameweza?” Wengine, kwa huruma, humwambia mashindano yenyewe hayana maana. Hilo nalo linamuumiza mtoto aliyejiandaa kwa miaka. Ni afadhali kumwacha ahuzunike siku mbili tatu, alale, acheze, kisha aulizwe kama anataka kurudi.

Faizan alirudi. Kabla yake, mara ya mwisho kwa mshindi wa pili kurudi na kuwa bingwa ilikuwa 2001.

Hata hivyo nusura aharibu. Wapinzani wake wawili walikosea katika raundi moja, akabakiwa na maneno mawili tu. La kwanza alipatia. La pili lilikuwa commelina, jina la jamii ya mimea yenye maua madogo ya buluu, ambayo mkulima wa mahindi wa Afrika Mashariki huing’oa kila msimu kama magugu. Hakuuliza chochote. Alianza na K badala ya C, akagutuka katikati, akawaambia waamuzi wagonge tu kengele. Wapinzani wakarudishwa jukwaani.

Walimu wanaosahihisha mitihani wanalijua kosa hili: mwanafunzi hodari anajibu swali ambalo hajamaliza kulisoma. Kumpa mazoezi zaidi usiku wa manane hakulitibu, maana mtoto aliyechoka hukurupuka zaidi. Kinachosaidia ni kumzoesha nyumbani, wakati hakuna presha, avute pumzi na kurudia swali kwa maneno yake kabla ya kujibu.

Faizan aliendelea kupatia hadi akabaki peke yake tena. Neno la ubingwa likawa éclaircissement, la Kifaransa, lenye maana ya ufafanuzi. Safari hii pia hakuuliza swali hata moja. Alitaja herufi zote sawasawa, akajiangusha sakafuni kwa furaha.